Kuteremka mto mpole kwa kayaki mkiwa kundi, hatua kwa hatua

Kwenye mto mpole, hatari kubwa kwa kundi ni kutawanyika. Kila mtu anaona anayamudu maji, wa mbele wanatangulia, wa nyuma wanasimama kupiga picha, na anayepinduka katikati hana wa kumwona. Mwongozo huu unawafaa watu sita hadi wanane wanaojua kupiga kafi kwenye maji yaliyotuama, wakiwa na wazoefu wa mto wasiopungua wawili.

Hatua ya 1: Chagueni mto, kisha chagueni siku. Ugumu wa mito hupangwa kwa kipimo cha kimataifa chenye madaraja 6, la 1 likiwa jepesi kuliko yote. Daraja la 2 lina mawimbi madogo na njia pana unayoiona ukiwa ndani ya kayaki. Kundi lenye wageni wa mto lisizidi daraja hilo. Daraja hilo hutolewa kwa kina cha kawaida. Mvua ikinyesha usiku kule mto unakotoka, asubuhi utaukuta mwingine kabisa. Maji ya matope yanayobeba matawi ni dalili kwamba mto unajaa, na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya maji kukusukuma huongezeka mara nne. Ahirisheni bila aibu.

Ulizeni pia kama njiani kuna ukuta wa kukinga maji. Hata ukiwa mfupi wa kufika kiunoni, maji yanayoanguka chini yake hujiviringisha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Shukeni mapema, mbebe kayaki kwa miguu hadi mtakapoupita.

Hatua ya 2: Vifaa. Jaketi la kuokolea lifungwe mikanda yote; mwenzako akilivuta mabegani, lisipande hadi masikioni. Vaeni helmeti, viatu vinavyofunga mguu wote, na nguo zisizo za pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hukaa na baridi mwilini. Kila mtu awe na filimbi. Wazoefu wabebe kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20, ikiwa ndani ya mfuko wake. Kamba isiyo na kazi isining'inie popote.

Hatua ya 3: Pindukeni kwa makusudi. Kabla ya safari, kwenye maji tulivu, kila mmoja apinduke huku mwenzake amesimama kando yake. Kama kayaki ina sketi ya kuziba maji, yaani kitambaa unachovaa kiunoni kinachofunika tundu la kukalia: inama mbele, vuta kitanzi cha sketi, kisha isukume kayaki kutoka kiunoni kama unayevua suruali. Asiyelifanya hili kwa utulivu atumie kayaki ya wazi juu, isiyomfungia mtu ndani.

Hatua ya 4: Pangeni msafara. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Mzoefu mmoja anatangulia, na hakuna anayempita. Mwingine anafunga msafara, na hakuna anayebaki nyuma yake. Waliopo katikati wana kanuni moja: kila mtu anamwangalia aliye nyuma yake. Usipomwona, simama. Aliye mbele yako naye hatakuona, atasimama, na hivyo kundi zima litasimama lenyewe bila mtu kupiga kelele. Acheni nafasi ya kayaki tatu au nne kati yenu, na kwenye mawimbi ongezeni, maana wa mbele akikwama, wa nyuma anahitaji pa kukwepea.

Kubalianeni ishara mkiwa bado ufukweni. Kafi iliyolazwa juu ya kichwa ni "simama". Kafi iliyosimamishwa wima ni "njia ni salama, njoo". Filimbi mara tatu ni dharura. Ukielekeza kwa mkono, elekeza njia ya kupita, usielekeze jiwe. Mgeni huipeleka kayaki yake pale anapotazama.

Hatua ya 5: Someni maji. Ulimi wa maji laini wenye umbo la V, ncha ikielekea mto unakokwenda, ni njia kati ya mawe. Ncha ikielekea mto unakotoka, hapo pana jiwe. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yaliyotulia, ndiyo maegesho yenu. Mkitoka hapo kurudi mkondoni, inamisheni kayaki upande mto unakokwenda. Mkiegemea upande wa pili, mkondo hupanda juu ya ubavu wa kayaki na kuipindua papo hapo. Na mkondo ukikubandika ubavu kwenye jiwe, liegemee jiwe lenyewe, hata kama mwili wote unataka kulikimbia.

Mti ulioanguka mtoni ni wa kukaa mbali nao kabisa: maji hupenya kati ya matawi, mtu hapenyi.

Hatua ya 6: Mtu akiingia majini. Aelee chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji. Asijaribu kusimama maji yakiwa yamepita magoti, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utamlaza kifudifudi. Akiona anapelekwa kwenye mti asioweza kuukwepa, ageuke, aogelee kwa nguvu kichwa kikiwa mbele, na apande juu yake. Kundi liokoe mtu kwanza, kayaki baadaye, kafi mwisho. Mwokoaji ni mmoja au wawili. Wengine waegeshe na wakae hapo.

Hatua ya 7: Kutoka. Hesabuni watu kabla ya kubeba chochote. Gari lenye nguo kavu liwe limeachwa mapema mahali pa kutokea, na ufunguo wake usafiri nanyi mtoni, kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa yule anayefunga msafara.