Kabla Hujalowesha Sahani ya Kale ya Staffordshire

Doa la kahawia kwenye sahani ya udongo ya Kiingereza ya karne ya 19 haliko juu ya sahani, liko ndani yake. Vyombo vya Staffordshire, eneo la Uingereza walikofanyia kazi wafinyanzi maarufu akina Wedgwood na Spode, vilifinyangwa kwa udongo mweupe wenye vitundu vidogo vinavyonyonya maji, kisha vikafunikwa kwa utando wa kioo wenye madini ya risasi. Udongo na utando havitanuki sawasawa, kwa hiyo kadiri miaka inavyopita utando hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Mafuta ya nyama na rangi ya chai hupenya humo na kutulia. Kusugua hakufiki huko. Huchubua mng'aro tu.

Kabla ya maji, geuza chombo usome kitako. Neno ENGLAND kwa kawaida huashiria mwaka 1891 au baadaye, kwa sababu ya sheria ya ushuru ya Marekani iliyotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Alama ya usajili yenye umbo la almasi ni ya kati ya 1842 na 1883. Kwa usafi, lakini, lenye uzito zaidi ni rangi imekaa wapi. Picha za buluu zilizochapwa chini ya utando haziathiriwi na maji. Dhahabu ya ukingoni na maua yaliyopakwa juu ya utando hutoka. Inamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha, upitishe ncha ya kidole: rangi ya juu huhisika imeinuka kidogo. Chombo cha namna hiyo kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, basi, kisiloweshwe kabisa.

Halafu tafuta ufa na viraka. Weka sahani juu ya vidole vitatu, uigonge taratibu kwa ukucha. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio mkavu, mfupi. Taa ndogo ya kukagulia noti bandia inafaa sana hapa: ukiimulika gizani, gundi na rangi za fundi wa zamani mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Gundi za kale hulainika majini na vipande vikaachana. Pini za chuma zilizoshona mpasuko nazo hushika kutu, na kutu hiyo dawa tutakayoitaja haiitoi.

Jiki isiingie kwenye kazi hii, hata tone. Inafanya doa lionekane jeupe kwa wiki chache, lakini chumvi zake hubaki udongoni, hukauka na kuwa fuwele, na fuwele zikikua husukuma utando hadi ubanduke magamba. Ukiona unga mweupe kama manyoya ukitokeza kwenye nyufa, mtu alishaitumia kabla yako. Loweka chombo kwenye maji safi na uyabadilishe kila siku mpaka unga ukome. Siki na ndimu nazo ziache, kwa kuwa asidi hula utando wenye risasi. Jiki ikikutana na siki au amonia hutoa gesi ya sumu.

Vitu vya kuandaa ni vichache: beseni la plastiki lililotandikwa taulo, sabuni laini ya maji, pamba, glavu, miwani ya kinga, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Ukipata ya asilimia 6, ichanganye nusu kwa nusu na maji. Ile nzito ya krimu ya saluni ina viungo vingine, usiinunue. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya betri ya gari, lakini soma chupa vizuri: karibu yake dukani huwekwa asidi ya betri.

Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Kisha loweka kwenye maji yaliyokenekwa saa 24, udongo ushibe, uchafu uliolegea usivutwe ndani zaidi. Ndipo ufunike doa kwa pamba iliyolowa peroksaidi, na juu yake plastiki, bila kukaza, kwani dawa hutoa oksijeni na kifuniko kilichokazwa kabisa kinaweza kupasuka. Badilisha pamba kila siku. Itatoka na rangi ya chai hafifu, na hiyo ndiyo dalili njema. Siku nne ni kawaida; doa la mafuta ya zamani laweza kuchukua wiki kadhaa. Utando ukianza kubanduka, acha mara moja. Usiweke ovenini ili kuharakisha: joto huongeza nyufa.

Suuza kwa maji yaliyokenekwa ukibadilisha kwa siku mbili. Wakati wa kukausha watu wengi hukata tamaa, maana doa hurudi. Maji yanapotoka huburuta uchafu uliobaki hadi juu, ukajikusanya kama mstari wa kahawia kando ya ufa. Kwa hiyo funga sahani kwa pamba yenye unyevu ikauke pamoja nayo. Uchafu utaishia kwenye pamba. Iache kivulini wiki mbili au zaidi, imesimama kwenye ukingo ili kitako kipate hewa. Na kwa kuwa utando una risasi na umepasuka, isipakuliwe chakula tena, hasa chenye ndimu au nyanya.