Kumuenzi mzimamoto wa kujitolea kijijini: daftari kwanza, ngoma baadaye

Vijiji vingi vya Tabora vinavyopakana na misitu ya miombo vina mzee ambaye moshi ukionekana tu, yeye ndiye wa kwanza kukata matawi mabichi na kuwapanga vijana wafyeke njia ya kuzuia moto. Hana mshahara wala faili ofisini. Kwa hiyo anzeni na daftari la kuandika mioto aliyoizima, miezi miwili kabla ya siku ya kumuenzi.

Muulizeni kwanza yeye na familia yake kama wanaridhia. Wapo wasiopenda kusimamishwa mbele za watu. Kisha waendeeni wenyeviti wa vitongoji, warina asali na wakulima ambao mabani yao, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, yaliponea chupuchupu. Mwaka wengi hawaukumbuki. Ulizeni, "Shule ilikuwa imeshajengwa?" au "Mtoto wako wa ngapi alikuwa amezaliwa?" Kila tukio lithibitishwe na watu wawili, maana mkimpa sifa ya moto uliozimwa na mwingine, minong'ono itaanza hapohapo uwanjani.

Orodha ya matukio hayo apewe mtendaji wa kijiji, isomwe kwenye mkutano mkuu, iingie kwenye muhtasari. Msitegemee cheti peke yake, maana huliwa na panya. Jina kwenye cheti na kibao lifuate kitambulisho chake cha taifa, na mwanawe alikague kabla ya kuchapa. Mkitaka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lihudhurie, mwandikieni mapema kamanda wa mkoa. Msimshonee sare inayofanana na yao. Huko ni kujitafutia kesi.

Kibao cha jina lake kiwe cha mninga mkavu, sm 60 kwa 40, unene sm 3. Mbao mbichi hupinda na herufi zikapasuka. Nguzo ya mti itamalizwa na mchwa. Tumieni bomba la chuma, lizame sm 60 ndani ya zege: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4.

Zawadi? Mizinga ya nyuki ni mizuri, lakini ongezeni bomba la moshi la kurinia asali, kwa kuwa mienge ya warina asali nayo huwasha misitu.

Tarehe nzuri ni Mei, mvua zimekwisha na nyasi hazijakauka sawasawa. Ikibidi iwe Agosti, vijana wanne wasikae kwenye sherehe: wawe pembeni na mabomba ya mgongoni yaliyojaa maji, na simu ya kupiga 114, namba ya dharura ya zimamoto.