Kununua jengo la fremu lenye wapangaji katika mji mdogo: hatua kwa hatua

Ukifika Makambako, mkoani Njombe, Tanzania, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, utaziona safu za fremu, yaani vyumba vya biashara vya kupanga: duka la pembejeo, wakala wa pesa za simu, saluni, duka la dawa muhimu, vipuri vya pikipiki. Majengo ya aina hiyo huuzwa mara kwa mara, na maneno ya dalali hayabadiliki: fremu sita, zote zina watu, unaanza kula kodi kesho.

Nimekuwa nikinunua na kusimamia majengo kama hayo katika miji midogo ya Nyanda za Juu Kusini. Ninachotaka ukishike kabla ya kingine chochote ni kwamba pamoja na kuta na bati, unanunua kila ahadi ambayo mwenye jengo amewahi kumpa mpangaji, iliyoandikwa na iliyotamkwa barazani. Mkataba wa upangaji haufi kwa sababu jengo limeuzwa. Ndiyo maana kazi kubwa ya mnunuzi ni kwa watu waliomo ndani.

Hatua ya 1: Uangalie mji kwanza

Nenda msimu mbaya. Mkoa wa Njombe huwa na pesa baada ya mavuno ya mahindi na maharage. Kati ya Januari na Machi pesa ya mkulima iko shambani. Duka linalouza miezi hiyo litaweza kulipa kodi mwaka mzima. Tembea mtaa wote, hesabu fremu zilizofungwa, uliza zimefungwa tangu lini. Kisha pita idara ya mipango miji ya halmashauri uulize kama kuna mpango wa kuhamisha stendi au soko. Katika mji mdogo biashara nzima hufuata stendi, na stendi ikihama fremu za zamani hubaki na mafundi cherehani wachache.

Hatua ya 2: Ongea na kila mpangaji, mmoja mmoja, bila mwenye jengo

Usiridhike na orodha ya dalali. Omba ruhusa kwa mwenye jengo, kisha ingia kila fremu kwa heshima, nunua kitu, jitambulishe. Muulize mpangaji mambo haya: analipa kiasi gani kwa mwezi, amelipa mpaka lini, kwa nani, na kwa njia gani. Omba akuonyeshe risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Wengi watakuonyesha, kwa sababu na wao wanataka mwenye jengo mpya ajue kwamba wameshalipa.

Kuna mambo matatu utayakuta karibu kila mahali.

La kwanza ni kodi iliyokwishaliwa. Wapangaji wa fremu hulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kama mpangaji amelipa mpaka Juni na wewe unanunua Novemba, kodi hiyo iko mfukoni mwa muuzaji na wewe utamhifadhi mtu bure. Hesabu miezi iliyobaki kwa kila fremu, jumlisha, na ukate kiasi hicho kwenye bei.

La pili ni mpangaji aliyejenga mwenyewe. Mwenye kiwanja hakuwa na pesa, mpangaji akamalizia fremu kwa pesa yake, wakakubaliana akae miaka kadhaa akijilipa kwa kodi. Ni makubaliano halali na ya kawaida, lakini dalali hayataji. Tafuta karatasi yake, uone gharama ilikuwa shilingi ngapi na imebaki miezi mingapi. Kama hakuna karatasi, waandikishane sasa, kabla hujalipa chochote.

La tatu ni kilemba. Mpangaji wa kwanza aliondoka, akamuuzia mwingine nafasi yake, na mwenye jengo hakuambiwa au alifumba macho. Tazama leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani: jina lililoko pale ni la aliyesaini mkataba? Kama sivyo, aliyeko ndani ametoa pesa nyingi kuingia na atakuwa na hoja siku utakapotaka kupandisha kodi. Msikilize sasa, ukiwa bado unaweza kuondoka.

Mazungumzo yakiisha, kila mpangaji asaini ukurasa mmoja mbele ya mwenye jengo: namba ya fremu, kodi ya mwezi, tarehe aliyolipia mpaka, amana kama ipo, na kwamba hana dai jingine. Ukurasa huo ndio utakaokulinda kuliko picha zote za jengo.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kodi inayoingia

Tuseme bei ni shilingi 95,000,000 na dalali anasema fremu sita kwa 120,000 kila moja. Hiyo ni 8,640,000 kwa mwaka, zaidi kidogo ya asilimia 9. Umeshaongea na wapangaji, ukagundua wawili wanalipa 120,000, wawili 100,000, mmoja ni shemeji wa muuzaji asiyelipa kitu, na mmoja alijenga mwenyewe, ana miezi 14 mbele. Kodi halisi ya mwaka wa kwanza ni 440,000 kwa mwezi, yaani 5,280,000. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, toa 900,000 za ukarabati, usafi wa choo, mlinzi na kodi ya ardhi. Unabaki na takriban 3,850,000, karibu asilimia 4 ya bei.

Hatifungani za muda mrefu za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo kwa bei hiyo jengo halifai, isipokuwa una sababu ya kuamini kwamba eneo litapanda thamani, na sababu hiyo iwe unayoweza kuitaja kwa sentensi moja. Mimi humrudia muuzaji na karatasi za wapangaji mkononi. Bei hushuka mbele ya karatasi kuliko mbele ya maneno.

Hatua ya 4: Hati, mirathi na barabara

Omba nakala ya hati miliki au barua ya toleo (barua ya kumpa mtu kiwanja kabla hati haijatoka), kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Siku hizi kuna ofisi ya ardhi kila mkoa, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali. Upekuzi utakuonyesha mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa: kiwanja cha makazi kilichojengwa fremu kina safari ya kubadilisha matumizi, na gharama yake iwe ya muuzaji.

Majengo mengi ya miji midogo ni ya marehemu. Muhtasari wa kikao cha familia hautoshi. Anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama muuzaji ana mke au mume, pata ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

Halafu chukua futi ya kupimia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilifikisha hifadhi ya barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati. Fremu nzuri zaidi ndizo zilizo karibu na lami, na ndizo zilizo hatarini. Kama ukuta una alama ya X ya kubomolewa, hata iliyopakwa rangi juu, pata jibu la maandishi la TANROADS, wakala wa barabara, kabla hujaendelea.

Hatua ya 5: Kulipa

Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kiwe kidogo na kipitie kwa wakili. Mkataba wa mauziano utaje bei ya kweli. Wapo watakaokushauri kuandika bei ndogo ili kupunguza kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kataa: siku utakapouza wewe, faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo na utalipa kodi ya mtu mwingine. Acha sehemu ya bei kwa wakili mpaka jina lako liingie kwenye daftari la Msajili. Muuzaji anayekasirishwa na sharti hilo ana jambo ambalo bado hujaliona.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza

Nenda fremu kwa fremu pamoja na muuzaji, awatambulishe wapangaji kwako, na uwape barua inayoonyesha kodi italipwa wapi kuanzia sasa. Usipandishe kodi ya yeyote mpaka muda aliolipia uishe. Muda ukiisha, andikeni mkataba mpya wenye tarehe, kiasi na kiwango cha ongezeko la mwaka, ulipiwe ushuru wa stempu. Tenganisha mita za umeme za LUKU kama fremu zinatumia moja; ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia pale. Na shemeji wa muuzaji asaini mkataba kama wengine, kwa kodi ileile, au akabidhi ufunguo kabla hujamalizia ile sehemu ya bei iliyobaki kwa wakili.