SOMO: Kuunga deki ya DVD kwenye risiva ya bei nafuu mpaka spika zote tano ziongee

Wadau, salaam. Wiki hii nimeitwa nyumba mbili kwa tatizo lile lile. Mtu kanunua risiva ya mtumba (ile amplifaya ya kuendesha spika, si king'amuzi), spika tano na sabufa, kaunga deki, na sauti inatoka mbele tu. Za nyuma zimenuna. Kote nilikuta deki imeungwa kwa nyaya mbili, mwekundu na mweupe. Hizo zinabeba kushoto na kulia, basi. Ile 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa) iliyomo kwenye diski haipiti hapo hata waya ukiwa wa dhahabu.

Kabla hujachomeka chochote, geuza risiva usome kibandiko cha nyuma. Mzigo uliotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa AC 100V, na umeme wetu ni 230V. Risiva yangu ya kwanza niliichoma hivyo: ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza, mpaka leo inakalia chungu cha maua barazani. Ukikuta 100V au 120V tafuta transfoma ya kushushia umeme, yenye wati kuzidi zilizoandikwa kwenye kibandiko hicho hicho.

Hatua ya 1. Zima kila kitu na uchomoe plagi ukutani.

Hatua ya 2: spika. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Waya wa spika huwa na mstari upande mmoja; amua mstari ni nyekundu, na ufuate hivyo kwa spika zote. Ukigeuza moja haiungui, ila besi inapotea na hujui sauti inatokea wapi. Nyuzi za shaba zisigusane, maana hapo risiva huandika "PROTECT" na kujizima. Angalia na ohm (ukinzani wa spika): kama risiva inataka ohm 6 kwenda juu, usiipe spika za ohm 3 au 4 zilizotoka kwenye seti ya zamani. Itapata joto mpaka ikate. Sabufa yenye plagi yake ya umeme inachukua waya mmoja kutoka "SUBWOOFER PRE OUT".

Hatua ya 3: sauti ya deki. Nyuma ya deki tafuta tundu lililoandikwa "COAXIAL" au "DIGITAL OUT". Linafanana na yale ya nyekundu na nyeupe, ila mara nyingi ni la rangi ya chungwa au jeusi. Waya mmoja tu kutoka hapo kwenda "COAXIAL IN" ya risiva unabeba chaneli zote sita. Na usikubali kuuziwa "waya maalumu" kwa bei ya mbuzi: waya wa njano wa picha kama ule uliokuja na deki ni wa ohm 75, kipimo kile kile kinachotakiwa.

Deki nyingine ina "OPTICAL", kile kimlango cha mraba chenye mwanga mwekundu. Nayo inafaa, toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha za waya na usiukunje. HDMI ni rahisi zaidi, lakini risiva nyingi za zamani za bei ya chini hupitisha picha tu kwenda kwenye TV na sauti haziigusi. Ikiwa yako ni hivyo, ongeza coaxial.

Hatua ya 4: picha. Njano ya deki iende moja kwa moja kwenye TV. Haina haja ya kupita kwenye risiva.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanakwama. Toa diski, bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki, ingia upande wa Audio, tafuta "SPDIF" au "Digital Output". Utakuta OFF, PCM na RAW (deki nyingine huandika Bitstream). Chagua RAW. Ukiacha PCM, deki inaifungua sauti yenyewe na kuibana iwe chaneli mbili. Kwa RAW inaipeleka ilivyo, na kazi ya kuifungua inakuwa ya risiva.

Hatua ya 6. Kila tundu la dijitali la risiva lina jina: DVD, SAT, CD. Ukichomeka kwenye la SAT, basi bonyeza SAT. Weka diski, bonyeza AUDIO kwenye rimoti ya deki mpaka usome 5.1. Taa ya Dolby Digital (mfumo wa sauti hiyo ya 5.1) ikiwaka kwenye risiva, umemaliza.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Morogoro: Mkuu, taa imewaka kwa diski za nje, lakini nikiweka Bongo Movie nyuma kimya. Ni waya?

Jibu: Waya hauna kosa. Diski hizo nyingi zimerekodiwa stereo, hakuna sauti ya nyuma ya kutoa. Washa Pro Logic kwenye risiva, itajaribu kuichambua hiyo stereo iwe na sauti ya nyuma.

Mdau wa Mombasa: Kuna diski moja ya muziki inapiga kelele shhh kama mvua juu ya bati. Nyingine ziko safi.

Jibu: Punguza sauti haraka, utaua twita (spika ndogo ya sauti nyembamba)! Hiyo ni DTS, mfumo mwingine wa sauti kama Dolby, na risiva yako haijui kuifungua. Angalia usoni kama ina nembo ya DTS. Bonyeza AUDIO uchague Dolby au stereo.

Mdau wa Tanga: Shikamoo. Mimi sina risiva, nina sabufa ya spika tano, nyuma ina matundu sita, coaxial haina.

Jibu: Marahaba. Tazama kama deki yako nayo ina sita: FL na FR (mbele kushoto na kulia), C (kati), SW (sabufa), SL na SR (nyuma kushoto na kulia). Kama inayo, unga sita kwa sita, na kwenye SETUP zima "Downmix" (kubana sauti iwe chaneli mbili). Kama ina mawili tu, ndugu yangu, utapata stereo. Za nyuma zitarudia yanayosemwa mbele.

Mdau wa Kahama: Picha nyeusi na nyeupe.

Jibu: Umechomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani. Kama kwenye TV yako tundu hilo ni la njano na kijani kwa pamoja, badilisha kwenye menyu ya TV iwe AV. Bado? Jaribu PAL (mfumo wa rangi za picha) kwenye SETUP ya deki.

Mdau wa Kigoma: Nikiunga king'amuzi inaanza ngurumo, hata deki ikiwa imezimwa.

Jibu: Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ngurumo ikikoma, inaingia na waya huo. Unga king'amuzi kwa optical kama kinayo, maana waya wa optical haupitishi umeme.

Mdau wa Morogoro: Pro Logic imekubali, asante. Sasa maongezi hayasikiki, ila bomu likilipuka mtoto anaamka.

Jibu: Ongeza spika ya kati desibeli 3 kwenye menyu ya risiva, halafu kwa diski za Dolby washa "Night" au "DRC" (hupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo). Na hiyo sabufa itoe kwenye ukuta wa chumba cha mtoto.