Duka Linapoyumba: Kuokoa Mtaji Bila Kupoteza Usingizi

Biashara ikishuka, mwenye duka hukosa usingizi kabla hajaishiwa mtaji. Anapiga hesabu kichwani saa nane usiku, na kila akizirudia zinampa jibu jingine. Kazi ya kwanza ni kuzitoa kichwani ziingie kwenye daftari. Mwongozo huu ni wa duka la rejareja la mtaani Tanzania, lile la unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupima. Mama lishe au fundi cherehani naye anaweza kuutumia, abadilishe vifungu tu.

Hesabu mara moja, mchana

Funga duka nusu siku, siku ambayo wateja ni wachache. Andika bidhaa zote kwa bei ya kununulia. Wengi huandika bei ya kuuzia, wanaona mtaji upo kumbe umeshaliwa. Ukurasa wa pili ni fedha taslimu na salio la simu. Kama ni wakala wa fedha za simu, floti, yaani fedha ya kufanyia uwakala, iandike peke yake. Ukurasa wa tatu ni madeni: nani anakudai, kimebaki kiasi gani, rejesho ni lini. Unaowadai waandike pia, ila kwenye jumla weka nusu tu ya fedha zao. Nusu nyingine ikija, ije kama bahati.

Halafu tafuta kiwango cha siku. Chukua mfano huu: kodi ya fremu 150,000, msaidizi 120,000, umeme 30,000, ulinzi na taka 15,000. Jumla ni 315,000 kwa mwezi. Ukifungua siku 26, ni kama 12,100 kwa siku. Ongeza 10,000 ya matumizi ya nyumbani, inakuwa 22,100. Sasa angalia faida. Kama katika kila mauzo ya 1,000 unabaki na 150, gawa 22,100 kwa 0.15. Unatakiwa kuuza karibu 147,000 kila siku ili usile mtaji.

Tuseme unauza 110,000. Faida yake ni 16,500, pengo ni 5,600. Linaonekana dogo, lakini kwa siku 26 ni 145,600 zinazotoka kwenye mtaji huku duka lina wateja na wewe unachoka kila siku. Ndiyo maana watu wengi hushindwa kueleza fedha imekwenda wapi, na wengine huanza kumshuku msaidizi asiye na kosa. Pengo likishajulikana, linazibika vipande vipande: matumizi ya nyumbani yashuke hadi 7,000, mwenye fremu aombwe kupunguza kodi kwa miezi mitatu, friji la soda lisilouza lizimwe. Matumizi ya nyumbani yatoe asubuhi kwa mkupuo. Ukichota kidogo kidogo kwenye droo, hesabu yote hii haina maana.

Madeni ndiyo yanayoumiza zaidi

Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa unaorudishwa kila siku, uupime hivi. Umechukua 300,000, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Kwa faida ya asilimia 15, unatakiwa kuuza bidhaa za 600,000 ili tu kupata ile riba ya 90,000. Na rejesho la 13,000 linazidi gharama zote za kuendesha duka kwa siku. Biashara ya namna hii haiwezi kulibeba, hata mwenyewe awe hodari vipi. Kuchukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza ndiko kunakofunga maduka mengi.

Wakopeshaji wadogo wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwa wasiopokea amana Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kabla ya kusaini, omba kuona leseni na nakala ya mkataba. Usimwachie mtu kadi ya benki na namba ya siri. Programu ya mikopo ya simu ikianza kuwatumia ndugu na wateja wako ujumbe wa kukuaibisha, piga picha za ujumbe huo; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume yake.

Ukiona huwezi kulipa, nenda kabla ya siku ya rejesho. Sema kwa tarakimu: "Kaka, zimebaki 240,000. Biashara imeshuka. Kuanzia Jumatatu naweza kutoa 5,000 kila siku kwa siku 48. Naomba tuandikiane." Usiahidi 8,000 kwa aibu. Ukikosa siku ya tatu, hutasikilizwa tena.

Lipa kwanza deni linalokua kila siku, kisha muuzaji wa jumla anayekupa mzigo, kisha kikoba. Ndugu hawapendi kuwekwa mwisho, lakini wengi husubiri wakiambiwa ukweli mapema.

Bidhaa

Punguza wingi, usipunguze aina. Badala ya katoni mbili za sabuni, chukua nusu katoni mara mbili kwa wiki. Kilicholala miezi miwili kiuze kwa bei ya kununulia. Mkopo kwa wateja uwe na kikomo, tuseme 5,000 kwa kaya, na asiyelipa la kwanza hapewi la pili.

Kichwa nacho kina ratiba

Wanaokudai wapangie saa: Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi. Wape taarifa, na nje ya saa hizo usifungue ujumbe wao. Daftari lifungwe saa mbili usiku. Wazo likikujia kitandani, liandike kwenye karatasi, ulale. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu mwisho saa nane mchana. Ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Asubuhi amka saa ileile. Pombe hukulaza haraka, kisha hukuamsha usiku wa manane.

Mwenza wako aonyeshwe ule ukurasa wa madeni. Deni la siri huchosha mara mbili, maana kila simu ikiita unatunga uongo mpya.

Huzuni, au kutofurahia chochote, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyohivyo, uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Hospitali za mikoa ndipo pa kuanzia, na Muhimbili na Mirembe zina wataalamu. Ukianza kuwaza kufa, usisubiri kesho. Mwambie mtu akusindikize siku hiyohiyo, na sumu ya panya na dawa za wadudu zitoke dukani zikae kwake.

Kurudisha mzigo

Mauzo yakifikia kiwango cha siku kwa wiki nne mfululizo, ongeza bidhaa moja tu, ile wateja waliyoiulizia mara nyingi zaidi. Iandike kila ilipoulizwa. Mkopo mpya usiuguse hadi ule wa kwanza uishe na barua ya kumaliza deni iwe mkononi.