Kichanja cha nyanya kisicholala na masika

Usiku mmoja wa Aprili mvua ilinyesha tangu saa nne mpaka alfajiri. Nilipofungua mlango wa uani nikakuta mistari yangu miwili ya nyanya, pamoja na kichanja chake cha miti na waya, imelala kifudifudi kwenye tope. Hakuna mti uliovunjika. Yote ilikuwa mizima, imeng'oka tu kama meno ya mtoto. Nilikuwa nimeichimbia futi moja, na kiangazi kizima haikutikisika, nikajiona fundi. Udongo wa hapa kwetu Morogoro ukishiba maji hauna tena mshiko. Tulikula achari ya nyanya mbichi mpaka watoto wakagoma.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue miti mingapi, mimi namuuliza atachimba shimo la kina gani.

Ila kwanza jua umepanda nyanya gani. Cal J na Tanya ni fupi, zikifika kiunoni zinatulia, na kijiti cha mita moja kwa kila mche kinazitosha. (Kisiwe cha muhogo. Mimi nilichomeka vya muhogo, vikachipua, nikawa na shamba la kisamvu.) Kichanja ni cha zile zisizojua kuacha kurefuka, kama Anna F1 na Moneymaker. Mche mmoja ukibeba kilo tatu kwa mpigo, mstari wa miche 12 tayari ni kilo 36, bado hujahesabu majani yaliyolowa na upepo unaoyasukuma kama tanga.

Mstari wangu una urefu wa mita 6. Nasimika mirunda minne, yaani nguzo za miti, mmoja kila baada ya mita 2, yenye urefu wa futi 8. Ya katikati iwe minene kama kifundo cha mkono, ya mwisho kama kikombe cha chai. Menya magome yote, maana mchwa huanzia hapo, kisha choma motoni ile ncha itakayozikwa mpaka gamba la nje liwe mkaa. Mafundi watakwambia upake oili chafu. Kwenye uzio wa ng'ombe sawa, lakini hapa mizizi ya chakula chako inakunywa palepale. Mianzi ni rahisi kupata, nayo huja na sifa nyingi, ila yangu iliozea shingoni, pale udongo unapokutana na hewa, kabla ya msimu wa pili.

Shimo liwe futi 2, na lichimbwe kabla ya kuhamisha miche, usije ukakata mizizi baadaye. Lifanye jembamba. Shimo pana la jembe ni kazi bure, chimba kwa mtaimbo na utoe udongo kwa kopo. Simamisha mti, tia vipande vya tofali na udongo kina cha kiganja, shindilia, tia tena, shindilia. Mimi natumia mchi wa kinu uliochakaa. Ukijaza shimo lote kisha ukakanyaga juu kwa miguu, umeshindilia vidole viwili vya juu tu, chini kumebaki kulegea. Malizia kwa kichuguu kidogo shingoni ili maji yateremke yasituame.

Mirunda miwili ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa sababu waya wote unaivuta kuelekea ndani. Ilaze kidogo kwa nje, upana wa kiganja hivi, halafu kila mmoja uutegemeze kwa mti wa ulalo upande wa ndani: kichwa chake kikae kwenye pengo ulilokata usawa wa kifua, mguu wake ukanyage jiwe lililozikwa nusu. Wengine huvuta waya hadi kwenye nanga nje ya mstari. Ni imara, ila uani kwangu watu hupita gizani kwenda bafuni.

Juu vuta waya wa mabati wa milimita 3. Ule mwembamba wa kufungia nondo huliwa na kutu mapema na hurefuka ukibeba. Kata mfuo kwenye kichwa cha kila mrunda ili waya usiteleze. Upitishe mara mbili, kisha ingiza kijiti katikati ya nyuzi hizo mbili na uzisokote mpaka ukizipiga kwa kidole zilie. Waya mwingine upite sentimita 15 kutoka ardhini. Sasa tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji katikati ya mirunda miwili. Waya wa juu ukibonyea zaidi ya upana wa kiganja, rudi kasokote.

Kwa kila mche shusha kamba ya katani kutoka waya wa juu hadi wa chini. Iache na ulegevu kidogo, kwani katani ikilowa husinyaa na kuvuta. Kamba ya manila ni ngumu lakini hukata shina. Kila Jumamosi zungusha kichwa cha mche kwenye kamba, mzunguko mmoja au miwili, daima upande uleule, na kamba ipite chini ya jani, si chini ya kichala cha matunda. Maotea ya kwapani, yale machipukizi kati ya shina na jani, yang'oe yakiwa urefu wa kidole, asubuhi, ili jeraha likauke mchana. Mume wangu anavuta sigara, haruhusiwi kugusa mpaka anawe kwa sabuni, maana tumbaku huweza kuleta ugonjwa wa majani.

Msimu ukiisha kata kamba juu tu, mche na katani vinashuka pamoja. Penye mnyauko choma vyote. Mirunda na waya vibaki, na hapo panda matango au maharage yanayotambaa. Bilinganya na pilipili zipelekwe kwingine, ni ndugu wa nyanya na magonjwa yao ni mamoja.