Kupanda mlingoti na kupunguza tanga mkiwa wawili tu

Karibu kila kifaa kinachouzwa kwa mabaharia wachache kinaahidi jambo moja: kazi ya watu wanne utaifanya peke yako. Huenda ni kweli. Ila mimi kabla ya kununua hujiuliza, hiki kikikwama katikati nitakuwa wapi? Nikiwa nimesimama tezini karibu na usukani, sina neno. Nikiwa nimening'inia mita kumi juu ya sitaha, hapo nataka jibu kabla sijatoa pesa.

Mashua yetu ina urefu wa mita 11, na mlingoti wake unasimama kama mita 14 juu ya sitaha. Mume wangu ana kilo 92, mimi 58. Ndiyo maana mpandaji ni mimi, na hatujawahi kubishana.

Nianze na tanga la mbele, kwa sababu wengi hulazimika kupanda kwa sababu ya kizungushio chake, kifaa kinacholikunja kwa kulizungusha. Kamba inayokizungusha ukiilegeza ovyo wakati wa kufungua tanga, itajisokota kwenye ngoma na siku ya upepo mkali itabana. Iachie taratibu, huku ukiishikilia kidogo ili ijipange. Kule juu kuna ugonjwa mwingine: henza, kamba ya kupandishia tanga, kujiviringisha kwenye waya wa omo, ule unaoshika mlingoti kutoka mbele. Hutokea pale henza inaposhuka sambamba na waya badala ya kutoka pembeni. Pembe ya kama digrii 10 kati ya viwili hivyo inatosha kuuzuia. Chukua darubini, simama gatini, uangalie. Ni dakika moja tu.

Kizungushio kikigoma, usikimbilie winchi. Winchi yenye namba 40 huzidisha nguvu yako mara 40. Ukisukuma mkono wake kwa kilo 20 tu, kamba inavutwa kwa karibu kilo 800, ukiondoa kinachopotea kwa msuguano. Nguvu hiyo inaweza kukata waya wa omo bila wewe kuhisi chochote mkononi. Acha, tazama juu, legeza henza kidogo, jaribu kwa mkono.

Kwenye tanga kuu watu hubishana sana juu ya kulipunguza, yaani kulifanya dogo upepo ukizidi: kamba zote ziletwe tezini, au kazi ifanyikie chini ya mlingoti? Kwangu kosa ni kuzigawa. Henza ikiwa mlingotini na kamba ya pembe ya demani, ile ya nyuma, ikiwa tezini, mtu mmoja atashinda akikimbia huku na huku juu ya sitaha iliyolowa. Chagua upande mmoja. Ukizileta zote tezini, nunua kapi nzuri zenye gololi, kwa kuwa kila kona inakula nguvu. Mfumo wa kamba moja inayovuta pembe zote mbili unapendeza dukani, lakini una kona nyingi mno. Mimi napendelea kamba mbili, moja ya joshi, pembe ya mbele, na moja ya demani.

Mpangilio wa kupunguza tanga haubadiliki. Legeza demani, kamba inayoongoza tanga, na ile inayovuta chini bumu, boriti ya chini ya tanga. Shusha henza hadi kwenye alama. Funga pembe ya joshi, kaza tena henza, ndipo uvute pembe ya demani hadi ikae juu ya bumu, kisha rudisha demani. Alama hiyo ishone kwa uzi wa rangi kwenye henza yenyewe, mizunguko minene ambayo vidole vitaihisi usiku. Wino hufutika. Zile kamba za pembeni zinazopokea tanga linaposhuka ni baraka kubwa, ila zivute mbele hadi mlingotini kabla ya kutweka, la sivyo ncha za mbao za tanga zitanasa humo.

Sasa kupanda.

Kanuni ya kwanza ni kamba mbili, kila moja na njia yake juu. Kamba moja inakubeba, ya pili inakudaka. Zote ziwe henza zinazoingia ndani ya mlingoti kupitia roda, gurudumu la kamba, ya kileleni. Ile inayopita kwenye kapi iliyoning'inizwa nje kwa pingu moja ya chuma, iache kwa kazi nyingine. Usijipachike kwenye pingu ya kufyatua iliyo mwishoni mwa henza. Funga fundo la bolini, kitanzi kisichojikaza, moja kwa moja kwenye mkanda wako. Na winchi ya umeme isimpandishe mtu. Kitufe hakisikii mguu ulionasa.

Mimi navaa mkanda wa wakwea milima, na chini yake nakalia kiti cha serahangi, kile cha kuning'inia kwa kamba. Mkanda peke yake unakata damu mapajani ukitulia muda mrefu. Kiti peke yake unaweza kuchomoka ukipinduka. Kwa pamoja vinasaidiana.

Njia ninayoitumia ni ya vibano viwili vyenye meno. Henza ya kwanza imefungwa chini ya mlingoti na kukazwa. Kibano cha juu kimeunganishwa na mkanda na kiti, cha chini kina vitanzi viwili vya miguu. Unasimama kwenye vitanzi, unasukuma kibano cha juu, unakaa. Unakunja magoti, unapandisha cha chini, unasimama tena. Unakwenda kama kiwavi. Mume wangu kazi yake ni moja, kuvuta ulegevu wa henza ya pili kwenye winchi na kuifunga imara nyuma yake, asiiachie kibanio peke yake. Ukiwa pekee, iache henza ya pili imekazwa nayo, ujifunge kwake kwa fundo la Prusik, linalobana likivutwa, ambalo unalisogeza pamoja nawe. Fundo hilo lina jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelitangaza mwaka 1931. Kwa henza ya milimita 10 natumia kikamba cha 6, mizunguko mitatu.

Angalia henza yako imetengenezwa kwa nini. Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, ikiwa tupu inateleza na kuyeyuka kwa joto la kama digrii 150, kwa hiyo fundo linaweza kuteleza juu yake. Yenye ganda la poliesta inashika vizuri. Na unene wa kamba unaokubalika umechongwa ubavuni mwa kibano, usome.

Mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kunakowashinda watu. Kibano chenye meno hakiteremki kikiwa na uzito wako; lazima usimame kwanza, ukipe nafasi, ndipo ukifungue. Fanya zoezi hilo mita moja kutoka sitahani, mara nyingi, hadi mikono izoee.

Mwenye uzito mkubwa atafaidi zaidi abedari, yaani kamba na kapi za kuzidisha nguvu, ya sehemu nne inayopandishwa kileleni. Kwa kuwa anayevuta ndiye aliyekaa kitini, sehemu tano za kamba zinambeba, kwa hiyo mtu wa kilo 92 anavuta chini ya kilo 20, ukiacha msuguano utakaoongezeka. Kwa mlingoti wetu ni kama mita 70 za kamba. Itie mfukoni, isitapakae.

Kileleni kiti kitaishia chini kidogo ya roda, na taa iko juu yake. Beba kitanzi kirefu cha kusimamia na mkanda mfupi wa kuzungusha mlingoti. Kila spana iwe na kamba yake. Ikidondoka kutoka mita 14 inafika sitahani kwa karibu kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo aliye chini asimame pembeni. Mkubaliane maneno mapema, na msitumie "shika" pamoja na "shusha". Upepo unakula nusu ya neno.

Baharini, panda pale tu safari isipowezekana bila kupanda. Baharia Mwingereza Ellen MacArthur alipanda peke yake katika Vendée Globe, mbio za kuzunguka dunia peke yako, ya 2000–2001 na akamaliza wa pili, lakini kule juu kila mtikisiko mdogo wa sitaha unakuwa mbembeo wa mita kadhaa. Vaa kofia ngumu, acha tanga kuu lililopunguzwa litulize mashua, upepo uje kwa nyuma kidogo. Blondie Hasler, baharia Mwingereza, alikuwa na jibu jingine: mwaka 1960 alivuka Atlantiki na Jester, mashua yenye tanga la Kichina, akilipunguza bila kutoka kwenye tundu la sitaha.

Kabla ya kuanza kushuka, piga picha za roda, pini, taa na ncha za waya, kila kimoja kwa karibu. Zitazame gatini ukiwa umekaa, uandike kitu gani kinahitaji pini mpya, ili ukipanda tena uwe nayo mfukoni.